Siku moja maishani mwangu: wali mweupe na mchuzi mwekundu, Lagos

Saa 11 alfajiri niko jikoni, Surulere, mtaa mmoja wa Lagos. Mimi ni mzaliwa wa Tanga niliyeolewa na Myoruba, na riziki yangu ni kupika nyumbani wali mweupe na mchuzi mwekundu wa Kinaijeria, niwauzie watu wa maofisini. Nyumba nyingi hapa hukipika chakula hiki Jumapili wakitoka kanisani, kwa hiyo kila mtu anadhani anakijua. Jasho lake analijua mpishi.

Naanza na nyama ya ng'ombe: kitunguu, thaimu, binzari ya kari, chumvi. Ikilainika naikaanga. Supu yake naihifadhi, itaingia kwenye mchuzi.

Saa 1 asubuhi niko kwenye mashine ya kusaga pale mtaani na beseni langu: nyanya, vitunguu, tatashe, yaani zile hoho nyekundu ndefu, na ata rodo, ambazo kwetu ni pilipili mbuzi. Nyanya natoa Mile 12, soko linaloshusha malori ya kutoka kaskazini. Mwaka 2016 mdudu anayeitwa Tuta absoluta aliposhambulia mashamba ya Kaduna, huko kaskazini, nyanya ziligeuka dhahabu huku Lagos. Mama mkwe ndipo aliponionyesha kuzidisha tatashe na kupunguza nyanya. Rangi inakolea, uchachu unapungua. Hata bei ziliposhuka sikurudi nyuma.

Saa 2 sufuria iko motoni, na kuanzia hapo saa siiangalii tena. Kwanza rojo lichemke mpaka maji yote yakauke. Halafu mafuta ya karanga, si haba, vitunguu vilivyokatwa, ndipo rojo liingie likaangwe. Hapo huondoki. Linaruka, linachoma mikono, na ukiacha kukoroga linashika chini. Umeme ukakatika, feni ikasimama, moshi wa pilipili ukajaa jikoni, mimi na binti anayenisaidia tukawa tunakohoa kwa zamu.

Katikati ya hayo simu ikaita. Mteja wa Victoria Island, mwenye oda ya kikao cha mchana.

"Madam, bado tu? Si wali na mchuzi tu?"

Nikamwambia, "Oga," yaani bosi, "rojo bado lina maji. Nikikuletea sasa utakula uchachu."

Akasema kuna mwingine anatumia nyanya za kopo, anamaliza upesi. Akapiga tena: kwa kuwa si jollof, ule wali unaopikwa ndani ya mchuzi wa nyanya, nimpunguzie bei. Akapiga tena: kila sahani iwe na vipande viwili vya nyama, kwa bei ileile. Mkono mmoja simu, mwingine mwiko. Kilichoniuma ni lile neno "tu". Jollof ukikosea kidogo, moshi na viungo vitakusitiri. Mchuzi huu hauna pa kujificha: ukiharakisha, ulimi wa kwanza unakukamata. Sikupunguza bei wala sikuzima jiko. Nilingoja mafuta yapande juu, mekundu na safi, ndipo nikatia supu, nyama na kibonge cha Maggi.

Wali, asante Mungu, hauna makelele. Mchele wa parboiled, yaani uliochemshwa kabla ya kukobolewa, unachemka kidogo, unamwagwa, unaoshwa wanga, unarudi jikoni na maji mapya na chumvi, unafunikwa kwa foili. Punje zinaachana kila moja peke yake. Ndugu zangu wa Tanga wakija huuliza nazi iko wapi. Hapa haihitajiki, wali umeandaliwa kuupokea mchuzi.

Mchana pikipiki ikaondoka na vyombo vyote, pamoja na dodo, ndizi mbivu za kukaanga. Miguu ilikuwa imevimba. Sufuria zikaoshwa, sijui hata ilikuwa saa ngapi.

Jioni hela ya oga ikaingia benki ikiwa pungufu. Amejipunguzia mwenyewe. Nikampigia, akasema chakula kilikuwa kitamu sana, wenzake wamefuta sahani. Nikamshukuru, kisha nikamtajia kiasi kilichobaki. Nikampigia tena, na tena, mpaka ikatimia.