Maneno ya steshenari: dpi, gramu, tona na foleni

"Kaka, nitolee hii, ila iwe kali." Simama dakika kumi kwenye kaunta ya steshenari yoyote pale katikati ya jiji la Mwanza, lazima utaisikia. Shida iko kwenye hilo "kali". Mteja anataka picha isiyo na ukungu. Mchapaji anaelewa wino mzito, anaongeza weusi, na uso wa bibi harusi unatoka kama mkaa. Halafu wanagombana nani alipe karatasi. Kumbe kila kitu hapo kina neno lake, na mara nyingi neno hilo lina namba.

Ukali wa picha unapimwa kwa dpi, yaani nukta ngapi zimo katika inchi moja. Kwa kitu kinachosomwa kikiwa mkononi, 300 zinatosha. A4 ni milimita 210 kwa 297, kwa hiyo picha ya kuijaza yote inahitaji pikseli, yaani nukta za picha, 2480 kwa 3508. Sasa chukua picha iliyobanwa na WhatsApp ikabaki na pikseli 1600 upande mrefu. Gawanya kwa 300: inchi 5 na kidogo, kama sentimita 13 na nusu. Ukiivuta ijaze A4, zinabaki nukta 137 kwa inchi, na nyuso zinaanza kuonekana kama zimesukwa kwenye mkeka. Hata printa iwe imeandikwa dpi 4800 ubavuni, haiwezi kuumba nukta ambazo faili halina. Tuma picha kama dokumenti, au lete fleshi. Bango la kusomwa kutoka ng'ambo ya barabara ni habari nyingine. Hapo hata 100 zinatosha, mtu asikutishe.

"Karatasi ngumu" nayo ina namba: gramu kwa mita moja ya mraba. Ya kawaida ni 80. A4 kumi na sita zinatimiza mita hiyo, hivyo karatasi moja ina gramu 5, na rimu ya karatasi 500 ina kilo 2 na nusu. Rimu iliyoandikwa 80 ukiiweka kwenye mizani ya muuza dagaa ikasoma kilo 2.2, ujue umeuziwa ya gramu 70. Kwa vyeti omba 160 hadi 200, kwa kadi 250 hadi 300. Ila mwambie mchapaji abadilishe pia aina ya karatasi kwenye dirisha la kuchapia. Mashine ya leza ikidhani ni karatasi ya kawaida, inaipitisha haraka, joto halitoshi, na maandishi yanabanduka ukiyakwaruza kwa ukucha.

Hapo ndipo tofauti ya tona na wino inapoonekana, ingawa kaunta nyingi huita vyote "wino". Tona ni unga mkavu wa plastiki yenye rangi. Umeme tuli unaunasisha kwenye karatasi, kisha fyuza, ile sehemu yenye joto la karibu nyuzi 200, inauyeyusha ushike. Wino wa kweli ni maji yenye rangi yanayorushwa kupitia matundu madogo sana. Lowesha kidole, sugua herufi: wino mwingi wa bei nafuu utachuruzika, tona itabaki palepale. Kwa hiyo tangazo la kubandikwa Mwaloni Kirumba, penye maji na barafu ya samaki kutwa nzima, litolewe kwa leza, maana ndiyo inayotumia tona. Na ile "kurasa 1,500" kwenye boksi la tona imepimwa kwa ukurasa ambao asilimia 5 tu imefunikwa, kama barua fupi. Chapa kurasa zenye kufunikwa asilimia 20 na utapata kama 375. Hujaibiwa.

Karatasi kukwama, watu huilaumu mashine kwanza. Huku kando ya ziwa mimi naanza na karatasi, hasa msimu wa mvua. Rimu iliyofunguliwa na kuachwa kwenye sakafu ya saruji hunywa unyevu. Ikipita kwenye fyuza maji yanageuka mvuke, kingo zinajikunja, na ikirudi ndani kuchapwa upande wa pili inanasa. Tena karatasi yenye unyevu hupoteza ule umeme tuli, tona haishiki vizuri, maandishi yanatoka hafifu, na mwenye duka anakimbilia kununua katriji mpya bure. Weka rimu juu ya rafu, ndani ya ganda lake, toa karatasi za kutumia siku hiyo tu, zipepete kabla ya kuzipakia.

Rangi kwa kifupi. Skrini huchanganya mwanga mwekundu, kijani na bluu. Printa huchanganya sayani, majenta, njano na nyeusi. Ndiyo maana bluu kali ya ziwa uliyoichagua kwenye simu inatoka zambarau. Punguza majenta, kisha toa nakala moja ya kujaribia kabla ya zile mia mbili. Kama rangi inafika ukingoni mwa kadi, ongeza milimita 3 kila upande, mafundi huziita blidi: kadi ya 90 kwa 55 iwe 96 kwa 61, mkataji akiteleza kidogo usibaki mstari mweupe.

Mitihani ya wanafunzi 45, kurasa 6, pande mbili, ni karatasi 135. Weka alama kwenye "Collate", yaani kila nakala itoke imepangwa kamili, la sivyo utapewa rundo la ukurasa wa kwanza, rundo la ukurasa wa tatu, na jioni nzima ya kupanga sakafuni. Kwa karatasi iliyosimama chagua "long edge", yaani igeuzwe kwa ukingo mrefu. Ukikosea, ukurasa wa nyuma unakuwa kichwa chini.

Mashine inaomba karatasi na trei imejaa? Angalia kama faili limewekwa Letter, saizi ya Marekani, milimita 216 kwa 279. Badilisha iwe A4. Kwa ramani ya nyumba usiguse "Fit", inayobana mchoro utoshee karatasi; chagua "Actual size", yaani saizi yake halisi, kisha pima kwa rula: ukuta wa mita 4 kwenye skeli ya 1:100 lazima uwe sentimita 4 kamili. Ukipata 3.8, fundi atajenga chumba kingine.

Mwisho ni foleni. Umeme ukikatika katikati ya kazi, faili hunasa na zinazofuata zinasubiri nyuma yake. Kubofya "Print" mara tano kunaleta nakala tano foleni ikifunguka. Kwenye Windows fungua services.msc, tafuta Print Spooler, ndiyo inayoshika foleni ya kuchapa, bofya Stop. Nenda C:\Windows\System32\spool\PRINTERS, futa vilivyomo ndani ila folda yenyewe iache, kisha rudi ubofye Start. Tuma upya, mara moja.