Kamba ya makumbi, mbona tunaiacha ipotee?

Jamani mie nataka tuzungumze makumbi, yale maganda ya nje ya nazi yenye nyuzi, maana kila ikifanywa semina ya kujitegemea tunaletewa habari za mashine na mikopo, na kitu ambacho mama zetu wa Paje, Bwejuu, Jambiani na Makunduchi huku Unguja wanakijua toka enzi hakitajwi hata kidogo.

Asojua ni hivi. Nazi ikishafuliwa lile kumbi halitupwi. Maji yakitoka wanawake wanateremka pwani, wanachimba shimo kwenye mchanga wa tope, wanayafukia makumbi na kuyakandamiza kwa mawe yasichukuliwe na mawimbi, kisha wanayaacha miezi, maji yanajaa yanatoka, yanajaa yanatoka, ile nyama ya kumbi inaoza na nyuzi zinabaki nzima. Kila mtu analijua shimo lake na hakuna anofukua la mwenziwe. Yakishatolewa, na harufu yake usiulize, yanapondwa kwa gongo, yanaoshwa, yanaanikwa, unapata usumba, yaani zile nyuzi safi, hapo tena ni viganja kusokota mpaka iwe kamba. Hakuna umeme, hakuna dawa, hakuna cha kuagiza Dubai.

Na kamba yenyewe si ya kudharau, mitepe, vile vyombo vya tanga vya zamani vya pwani yetu, ilishonwa kwa kamba hizi ubao kwa ubao bila msumari na ikabeba mizigo baharini.

Saivi nenda pwani ileile. Kilimo cha mwani toka kianze 1989 kimewapa akinamama pesa zao wenyewe, hilo silibishii, lakini mwani unafungwa kwa kamba za nailoni na taitai, vile vijikamba vya plastiki, zikikatika zinabaki baharini. Mifuko ya plastiki tumeipiga marufuku Zanzibar toka 2006, vizuri sana, ila kamba hatuzisemi. Sisemi usumba utafaa kila kazi, lakini kufungia makuti, uzio, mbuzi, hivi vyote kwanini tununue plastiki?

Kinachoniuma khasa ni bei. Mtu kasubiri miezi, kaponda mpaka mikono imeota sugu, halafu anapewa bei ya kutupa, ndo maana mabinti hawataki na siwalaumu. Mahoteli ya mashariki huko yanaezeka makuti, basi wanunue usumba wa vijiji vilevile kwa bei ya haki, na minazi isikatwe mbao ovyo bila kupandwa mingine. Na skuli za huku ziwapeleke watoto pwani bamvua likiwa kubwa, maji yanapotoka mbali, wakafukue pamoja na hawa mabibi, ambao wakilishika kumbi tu wanajua limeiva au bado, kabla hawajatutoka.