Dakika sita za alfajiri: siku yangu moja nikiwa zamu

Saa 10:40 alfajiri

Simu inalia. Wiki hii ni zamu yangu ya kulinda mfumo, kwa hiyo nimelala nayo kando ya mto. Kampuni yetu inatengeneza programu ambayo kliniki huitumia kupanga miadi ya wagonjwa, na tahadhari iliyonifikia inasema kurasa za miadi hazina kitu. Siyo kwamba zinafunguka polepole. Zinafunguka, na ndani hamna kitu.

Nawasha kompyuta. Sijaanza hata kupekua kumbukumbu za seva, inaingia meseji ya kijana aliyejiunga na timu yetu miezi minne iliyopita: "Dada, ni mimi. Nilikuwa nasafisha data ya majaribio, kumbe nimeingia kwenye databesi ya wateja. Nimefuta jedwali la miadi. Samahani sana."

Meseji imeandikwa saa 10:46. Zimepita dakika sita tu tangu tahadhari itoke, na dakika hizo sita ndizo zilizonifanya niandike habari ya siku hii. Kwa kuwa tulijua papo hapo ni nini kimefutwa na kwa amri gani, hatukuwinda gizani. Tulizuia data mpya isiingie, tukatafuta nakala rudufu ya mwisho, yaani nakala ya akiba ya data, tukaanza kurejesha. Angenyamaza, ningeanza kushuku mtandao, kisha seva, kisha toleo jipya tulilotoa jana, na kliniki zingefungua milango huku sisi bado tunabahatisha.

Saa 11:05 alfajiri

Nampigia kiongozi wa timu. Anauliza kama tumezuia hasara isiongezeke. Halafu anauliza kliniki ya kwanza inafungua saa ngapi. Nikishamweleza ni nani aliyeendesha amri ile, anauliza: "Sasa hivi yuko na nani?" Namjibu kwamba yuko peke yake na hajalala tangu jana. "Basi kaa naye kwenye simu. Barua ya kliniki naiandika mimi."

Miaka mitano iliyopita nilifanya kazi kampuni nyingine, na mkuu wetu kule alikuwa na swali moja tu kila jambo lilipoharibika: "Nani?" Nilishamwona akimsimamisha mwenzangu mbele ya ofisi nzima mpaka machozi yakamtoka. Siku nilipoharibu ripoti za wateja kwa badiliko langu mwenyewe, nilikaa saa mbili nikiandika meseji ya kukiri na kuifuta, nikiandika na kuifuta. Wateja waliendelea kupokea hesabu za uongo muda wote huo. Sikuwa mtu mwovu. Nilikuwa nimejifunza, kama wengine wote mle, kwamba ukweli una adhabu na ukimya hauna.

Saa 12 asubuhi

Urejeshaji umefika asilimia 38. Niko kwenye simu na kijana, nasikia pumzi zake tu. Namsimulia yaliyowapata GitLab, kampuni ambayo waandishi wa programu huhifadhi kazi zao kwake, tarehe 31 Januari 2017. Mhandisi wao, usiku, akiwa amechoka, alidhani yuko kwenye seva ya akiba kumbe yuko kwenye ile kuu. Akafuta folda ya databesi. Alipogundua na kusimamisha amri, kati ya gigabaiti zipatazo 300 zilibaki 4.5. Walikuwa na njia tano za kuhifadhi na kunakili data, na walipozihitaji hakuna hata moja iliyofanya kazi inavyopaswa. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mhandisi alikuwa ameichukua kwa mkono yapata saa sita kabla ya ajali hiyo, kwa kazi nyingine kabisa.

"Walimfukuza?" ananiuliza.

Namwambia hapana. Kampuni iliandika hadharani kila kosa, la mtu na la mfumo, hata urejeshaji wenyewe wakauonyesha mubashara kwenye YouTube. Ananyamaza kidogo. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu alfajiri, ananiuliza jambo la kazi: nakala yetu yenyewe ilichukuliwa saa ngapi?

Ilichukuliwa saa 8 usiku. Kwa hiyo miadi yote iliyopangwa kati ya saa 8 na saa 10:40 haimo. Tunaitafuta mmoja mmoja kwenye barua za uthibitisho ambazo mfumo huwatumia wagonjwa. Ni miadi 41. Tunaikamilisha saa 1:20, kabla kliniki ya kwanza haijafungua.

Saa 3 asubuhi

Mkutano wa asubuhi, dakika kumi. Kila mtu ameshasoma yaliyotokea. Kiongozi anamwambia kijana akalale, arudi saa 5 kama anajisikia kuweza. Hakuna anayemtazama kwa jicho la pembeni, na nimewaangalia wenzangu kwa makini.

Saa 5 asubuhi

Mkutano wa kuchambua hitilafu. Kijana amekuja. Kanuni yetu ni kwamba tunaeleza kila mtu aliona nini kwenye skrini yake wakati ule, wala hatusemi "angepaswa". Ukisema "angepaswa" umeshafunga uchunguzi, maana umemaliza na mtu na umeacha mtego mahali pake kwa ajili ya atakayefuata.

Anaeleza. Alikuwa na madirisha mawili, moja la majaribio na moja la wateja, yote meusi, yote yenye jina linaloanza kwa herufi zilezile. Nywila ilikuwa moja kwa yote mawili. Hapo mwenzetu mkongwe anainua mkono: "Hiyo nywila niliiweka mimi, mwaka juzi. Nilisema nitaitenganisha, sikurudi." Mwingine anasema zoezi letu la kurejesha nakala lilifanyika mara ya mwisho miezi saba iliyopita. Ndani ya nusu saa tuna makosa sita mezani, na matano kati yake yalikuwepo kabla kijana hajaajiriwa.

Ndipo mkurugenzi anapoingia, amesimama. "Mbona timu hii ina ripoti nyingi za hitilafu kuliko timu zote? Na hii ya leo ni ya nani?"

Chumba kinapoa. Kiongozi wetu hapandishi sauti. "Ruhusa ya kuingia databesi ya wateja nilimpa mimi, bila kizuizi chochote. Andika jina langu."

Nami nikasema lililokuwa moyoni. Katika miaka ya 1990 mtafiti Amy Edmondson alichunguza makosa ya dawa hospitalini, akitarajia kwamba timu bora za wauguzi na madaktari zitakuwa na makosa machache. Takwimu zikaja kinyume: timu zenye uongozi mzuri zilionekana kuwa na makosa mengi zaidi. Alipochimba aligundua hazikuwa zikikosea zaidi, zilikuwa zikisema zaidi. Kwingineko makosa yalizikwa. Mwaka 1999 alichapisha utafiti kuhusu usalama wa kusema ndani ya timu, na Google walipochunguza timu zao 180, katika mradi walioanza 2012, jambo hilohilo ndilo lililojitokeza kuwa na uzito kuliko mengine.

Mkurugenzi alinisikiliza. Hakusema amekubali. Alivuta kiti akakaa, akasikiliza mkutano mpaka mwisho, na sikuwahi kumwona akifanya hivyo.

Saa 8 mchana

Fomu za tathmini za robo mwaka. Naombwa kuwapanga wenzangu sita kwa namba, wa kwanza hadi wa mwisho, na mmoja lazima awe wa mwisho. Microsoft waliacha mtindo wa namna hii Novemba 2013, baada ya miaka ya watu kuogopa kukaa timu moja na wenzao hodari. Sisi bado tunao. Kuta zetu zimejaa maneno mazuri kuhusu ushirikiano, lakini fomu hii ndiyo inayogusa mishahara, na fomu hii inaniambia kwamba mwenzangu akifanikiwa mimi nashuka. Nimeiacha safu ya mpangilio tupu na nikaandika chini yake kwa nini. Kwa kijana nimeandika aya moja kuhusu zile dakika sita.

Saa 9:30 alasiri

Kikao changu cha ana kwa ana na kiongozi. Nilikuja na jambo ambalo nimelibeba kwa wiki kadhaa, na leo ndiyo siku niliyoona vigumu zaidi kulisema, kwa sababu amefanya mema mengi tangu alfajiri.

"Unatuambia tupumzike," nikasema, "lakini wewe mwenyewe unaandika kwenye kundi la kazi saa 5 usiku. Huombi tujibu, najua. Lakini tunajibu. Yule kijana alikuwa anasafisha data usiku wa manane kwa sababu aliona meseji yako kwamba databesi ya majaribio imejaa."

Alibadilika uso. Nilidhani atajitetea, na kwa sekunde kadhaa nadhani alikuwa karibu kufanya hivyo. Aliomba nimwonyeshe meseji yenyewe. Aliisoma mara mbili.

"Hii haikutajwa kwenye mkutano wa saa 5 asubuhi," alisema.

"Hapana. Sikuthubutu mbele ya mkurugenzi."

"Iongeze kwenye ripoti. Iwe namba 7."

Nimeiongeza mbele yake. Kama angeniambia "asante kwa maoni" na kuendelea na mengine, nisingemletea jambo jingine tena.

Saa 11 jioni

Kijana ametuma badiliko lake la kwanza tangu alfajiri, anaomba nilikague. Sasa dirisha la databesi ya wateja litakuwa jekundu, na amri yoyote ya kufuta itakataa mpaka uandike jina lote la databesi kwa mkono. Nasoma mstari kwa mstari. Nagundua kwamba sharti halishiki amri ikiandikwa kwa herufi kubwa. Nasita kidogo, nikijua siku aliyopitia. Kisha naandika kosa lilipo, bila kulizungusha, kama ninavyomwandikia mtu yeyote.

Jibu linakuja haraka: "Kweli dada, sikuliona. Narekebisha kesho asubuhi, leo naenda kulala."

Saa 5 usiku

Simu ya zamu iko kando ya mto. Nafungua kundi la kazi kabla ya kuzima taa. Meseji ya mwisho ni ya saa 11:40 jioni.