Makaa Mabichi

Juzi gesi iliniishia ugali ukiwa haujashikana. Saa mbili usiku, na tokeni za stima zimebaki za kuhesabu vidoleni, kwa hivyo ile koili ya umeme sikuthubutu hata kuitazama. Nikakumbuka jiko la Mama liko balkoni, siku hizi kazi yake ni kubeba beseni la nguo. Nikamtuma kijana wa chini aniletee makaa ya gorogoro moja, lile kopo la kupimia, nikawasha. Kupepea, kukohoa, majirani wakifunga madirisha kwa kishindo ili nisikie. Nilipogeuka, huyu wangu wa miaka minne alikuwa amechuchumaa kando ya mfuko wa makaa, midomo myeusi ti, anatafuna.

"Mami, haina ladha," akaniambia, kama mtu aliyeuziwa kitu kibovu.

Mtu mwenye akili timamu angepiga kelele. Mimi nilicheka mpaka nikakaa sakafuni. Mara ya mwisho kuona mdomo wa namna hiyo ilikuwa Unguja, Agosti 2019, na mwenye mdomo alikuwa juu ya kisiki.

Ile safari ya Zanzibar, ya chama cha kina Mama, nimeshaisimulia mara mbili tatu, kwa hivyo ya basi nayapita. Ya mpakani Namanga na kadi za homa ya manjano nayapita, na yule aliyeisahau yake anajijua. Ya boti ya kutoka Dar, ambamo Mama alitapika kwa adabu zake zote ndani ya mfuko wa mkate, akaufunga fundo na kuubeba mapajani kama mkoba hadi bandarini, nayo nayapita. Wanawake saba na mimi mpiga picha, mtunza pasipoti na mtu wa kulaumiwa.

Siku ya tatu ilikuwa ya msitu. Wengi walitaka kurudi soko la Darajani kwenye kanga, lakini mwenyekiti alikuwa ameona kwenye karatasi ya malipo kwamba matembezi ya Jozani yamo ndani ya bei. Akasema kilicholipiwa kitatembewa. Mama alikuwa amevaa raba zangu za zamani, zimemzidi kidogo. Yeye hakuona maana kabisa. "Yaani tunatoa pesa tutembezwe msituni," aliniambia kwenye gari. "Mimi nilipokuwa msichana nilitembea msituni bure. Tena na mzigo mgongoni."

Jozani ni kama kilomita 35 kutoka mjini, kusini mashariki. Tangu 2004 ni hifadhi ya taifa pamoja na ghuba ya Chwaka, na ndiyo ya pekee Zanzibar nzima. Kabla hujafika, barabara inaanza matuta, na dereva akatuambia hayakuwekwa kwa ajili ya watoto wa shule. Yamewekwa kwa ajili ya kima, maana magari yalikuwa yanawamaliza.

Mwongozaji wetu alikuwa kijana mwembamba wa vijiji vya hapo karibu, mwenye Kiswahili kinachoteleza kama samli. Sisi na kile chetu cha Nairobi tulikaa kimya dakika kumi za kwanza kwa aibu tu. Ukimya ulivunjika mmoja wetu alipoona kitu juu ya mti akapiga yowe, "Nyani! Nyani hiyo!"

"Unguja hatuna nyani, mama zangu," kijana akasema bila kucheka, na hapo ndipo nilipompenda. "Huyo ni kima. Na si 'hiyo'. Ana roho."

Kuanzia hapo kila mtu akawa anapima ngeli kabla ya kufungua mdomo. Tulipita chini ya mitondoo yenye mashina ambayo watu watatu hawakumbatii, ardhi ikiwa na unyevu kwa sababu maji yako karibu sana na uso wa nchi. Kuna harufu fulani ya majani yanayooza polepole, nzuri, siwezi kuieleza. Kijana akatuonyesha vyura wadogo, mizizi, na mahali paa nunga hupita. Paa nunga mwenyewe hatukumwona. Nadhani alitusikia tangu getini.

Katika kutembea, akawa anatuuliza kazi zetu, mmoja mmoja, kwa ukarimu tu. Mwuguzi. Mwalimu mstaafu. Fundi wa nguo. Wa nne alikuwa Mama.

"Na wewe bi mkubwa, kazi yako nini huko Nairobi?"

Nikajibu mimi. Nilijibu haraka, kabla hajavuta pumzi. "Ana biashara."

Wanawake sita wakageuka wakanitazama. Mnaelewa? Wanawake sita ambao kwa miaka walikuwa wakimtuma mtoto kwa Mama na sufuria au ndoo, wengine wakiwa na deni kwenye lile daftari lake la kurasa zilizochafuka. Hakuna aliyesema neno. Mama naye alikuwa anatazama raba zake.

Aliuza makaa miaka kumi na tisa. Kibanda cha mabati, magunia yamesimama mlangoni, debe, gorogoro, na ile chenga ya chini ya gunia ambayo hakuitupa. Aliikanda na udongo akatengeneza madonge, akayaanika, akauza kwa wasio na kitu. Karo yangu yote ilitoka hapo. Siku za wazazi shuleni alikuwa anaanza kunawa mikono tangu jana yake, kwa ndimu na majivu, na bado kwenye mistari ya viganja weusi ulibaki. Nilikuwa namwomba avae glavu. Ilikuwa Februari, jua kali, nikamwomba mamangu avae glavu.

Kibanda kilifungwa 2018. Mwaka ule serikali ilisimamisha ukataji wa miti kwenye misitu ya umma, Kitui wakakataza makaa kutoka kwao, malori yakawa hayaji au yanakuja usiku kwa hofu, na bei ikapanda hadi wateja wakakimbilia gesi na mafuta ya taa. Mama alivumilia miezi mitatu, kisha akauza mizani na mabati. Jiko akaniachia.

Basi. Tulitoka ndani ya msitu tukaingia upande wa mashamba, na hapo ndipo kima punju walipo hasa, utadhani ndio waliolipa kiingilio. Walikuwa thelathini au zaidi. Mgongo mwekundu wa kutu, mabega na mikono myeusi, tumbo jeupe, uso mweusi umezungukwa na nywele nyeupe zilizosimama kama za mzee aliyeamshwa vibaya. Kijana alisema tusiwaguse, tusiwape kitu, tusiwakaribie, wao ndio wataamua. Asili yao ni Unguja, huku bara hutawaona. Akasema hawali matunda yaliyoiva, tumbo lao halikuumbwa kwa sukari. Wanakula majani na vitu vibichi. Akasema pia zamani wenyeji waliwaogopa, wakiamini mti waliokula hufa, na jina la punju lina sumu ndani yake.

Kando ya njia palikuwa na kisiki kilichochomwa na mwenye shamba alipokuwa akisafisha, nusu kuni nusu makaa. Kima mmoja akashuka. Jike, mtoto kamng'ang'ania tumboni. Akakaa juu ya kisiki kama mtu aliyefika dukani, akakitazama upande huu, akakitazama upande ule, akavunja kipande. Hana kidole gumba. Ana vidole vinne virefu na hukunja mkono kama ndoano, kwa hivyo kukishika kile kipande kulimchukua muda, kikateleza, akakidaka kwa mguu. Kisha akakitia mdomoni, akaanza kutafuna. Nasikia bado ile sauti. Kwaru, kwaru, kwaru. Makombo meusi yakawa yanaangukia kwenye lile tumbo jeupe. Mtoto akanyoosha mkono, akachukua kombo moja kutoka kwenye manyoya ya mamake, akalinusa, akalitia mdomoni, akalitema. Akachukua lingine. Hilo hakulitema.

Kijana alikuwa anaeleza kwa sauti ya chini. Majani ya miti ya mikungu na ya miembe ya mashambani yana lishe nzuri lakini yana sumusumu ndani, humvuruga mnyama tumbo. Makaa huishika ile sumu isimdhuru. Hawa wa karibu na mashamba wamejifunza, na mtoto humwona mama. Huiba hata jikoni kwa watu. Mwuguzi wetu akadakia kwamba hata wao wodini wana makaa, yaliyotengenezwa maalumu, mtu akinywa sumu anapewa. Kila mtu akasema aaa.

Mama hakusema aaa. Alikuwa amechuchumaa, mikono imeshika magoti, usawa mmoja na yule kima, umbali wa kama kutoka mlangoni hadi kitandani. Wakatazamana. Kima akatafuna. Mama akatikisa kichwa polepole, ule utikisaji nilioujua tangu utotoni, wa dereva wa lori akileta mzigo mbaya.

"Hayo ni mabichi," akasema.

"Nini, bi mkubwa?"

"Makaa anayokula. Hayajaiva. Yaliyoiva ukiyagonga yanalia kama sahani. Hayo yanasema kwaru kwaru, ndani bado kuni." Kisha akainuka, akajishika kiuno, akamtazama kijana, si mimi. "Mimi niliuza makaa. Miaka kumi na tisa. Huyu hapa nimemsomesha na makaa."

Sijui niseme nini kuhusu uso wangu wakati ule. Wale sita walipiga makofi, kwa kweli walipiga makofi, kima wakaruka juu ya miti, na kijana akasema, "Kumbe tunaye fundi, na mimi nahangaika kueleza!" Mwenyekiti akaropoka kwamba hata nyani ni mteja wa Mama, akasahihishwa na watu wanne kwa pamoja. Kima.

Ningependa kuishia hapo. Lakini matembezi yalikuwa na sehemu ya pili, ng'ambo ya barabara, kwenye mikoko ya Pete, ambako kuna njia ya mbao inayopita juu ya tope. Maji yalikuwa yamekupwa, kaa wadogo wanakimbia kati ya mizizi. Kijana sasa alikuwa anatembea na Mama mbele, marafiki. Akaeleza jinsi mizizi inavyoshika udongo, jinsi samaki wanavyozalia humo, na jinsi kwa miaka mingi mikoko ilivyokatwa kwa boriti, kuni na makaa, hadi wanavijiji wakaanza kupanda upya.

Mama akasimama. "Mikoko inatoa makaa mazuri?"

"Mazuri sana, bi mkubwa. Ndiyo shida yake."

"Ndiyo shida," Mama akarudia.

Akashika ukingo wa mbao na kutazama chini kwa muda mrefu, wengine wakampita. Nilisimama nyuma yake nikingoja. Nilidhani ni zamu yangu kusema kitu, hata kumwambia kwamba hakukata mti yeye, aliuza tu. Lakini mtu aliyejibu "ana biashara" saa mbili kabla hana ulimi wa kumtetea mtu. Hatimaye akasema, kama anayezungumza na wale kaa, "Na wewe ungesoma na nini?" Sikujua kama ananiuliza au anajijibu. Akaendelea kutembea, raba zinapiga mbao, papa papa.

Jioni kulikuwa na urojo Forodhani. Hakuna aliyegusia makaa. Darajani Mama alinunua kanga, maneno yake ameyakataa kuniambia mpaka leo, na ameivaa hadi imepauka.

Basi juzi, baada ya kumnawisha huyu wangu mdomo na maji kugeuka wino, nikampigia Mama simu kule ushago, kijijini. Nikamweleza. Nilitarajia atacheka kama mimi.

"Umenunua wapi?"

"Hapa chini."

"Yanatoa moshi?"

"Majirani wamefunga madirisha."

"Mabichi hayo. Kesho yarudishe." Nikasikia kuku wake, au ni redio. "Na mtoto mpe maji, hatakufa. Alimeza ama alitema?"

"Alimeza."

"Enhe," akasema, na kwa sekunde kadhaa nilisikia anapumua tu. Nilikuwa na swali la Pete mdomoni, la miaka yote hii, nikaanza, "Mama, ile siku kwenye mbao..." Akasema simu yake iko karibu kuzima, chaji ya sola leo haikupatikana kwa mawingu, niangalie ugali usiungue.

Uliiva saa tatu na nusu, unanuka moshi. Huyu wangu aliula wote, akalamba sahani, kisha akauliza kama kesho tena tutapikia nje.