Raki za kuingia na foklifti: hesabu leni kwanza, paleti baadaye

Kodi ya godauni hapa Mombasa, iwe Shimanzi, Changamwe au Miritini, hulipwa kwa ukubwa wa sakafu. Hewa iliyo juu ya mzigo ni ya bure. Ndiyo maana mwenye ghala akiona sakafu imejaa huanza kuulizia raki za kuingia, zile ambazo foklifti haisimami kwenye ujia bali inapenya katikati ya nguzo mpaka nyuma. Muuzaji atamwonyesha mchoro na kumwambia kwamba paleti zitakuwa maradufu. Hasemi uongo. Ila hesabu yake ni ya ile siku moja ghala limejaa pomoni, na mchoro hauonyeshi siku nyingine.

Tuchukue mfano wenye vipimo. Paleti ya milimita 1,200 kwa 1,000, foklifti ikiichukulia upande wa 1,200. Leni, yaani njia ya foklifti kati ya mistari miwili ya nguzo, ni sita, kila leni paleti nane kwenda ndani, ngazi nne kwenda juu, ya kwanza ikikaa sakafuni. Hiyo ni 6 × 8 × 4, yaani paleti 192. Nafasi kati ya nguzo na nguzo ni 1,350, nguzo yenyewe 100, kwa hiyo upana wote ni mita 8.8. Kina ni mita 8.4, ongeza ujia mmoja wa mita 3.5 mbele. Eneo lote ni karibu mita za mraba 105. Eneo hilohilo ukiweka raki za kawaida, zile ambazo kila paleti inafikiwa peke yake, utapata safu nne na njia mbili: paleti 24 kwa ngazi, 96 kwa ngazi nne. Nusu kamili.

Sasa tia bidhaa. Leni moja ya mfano huu ina nafasi 32, na zote lazima ziwe za bidhaa moja, kwa sababu huwezi kuifikia paleti ya nyuma bila kutoa za mbele. Ya mwisho kuingia ndiyo ya kwanza kutoka. Huwezi pia kujaza ngazi ya chini mbele kisha ukatoa ya juu nyuma, maana foklifti inapita pale chini na mzigo ukiwa juu. Leni inayotolewa mzigo kila siku, tangu imejaa mpaka iishe, kwa wastani imejaa nusu. Ukiwa na bidhaa nne katika leni sita, leni nne zina paleti 16 za wastani na mbili zimejaa: 64 na 64, jumla 128. Ukiwa na bidhaa sita, kila moja na leni yake, wastani ni 96. Umerudi palepale kwenye raki za kawaida, isipokuwa sasa huna pa kuweka kontena litakaloingia kesho.

Kwa hiyo swali la kwanza si paleti ngapi, ni leni ngapi. Leni ziwe zaidi ya bidhaa, na kila bidhaa inayotembea sana ipate mbili: moja inatolewa, nyingine inajazwa. Leni ikishaanza kutolewa isiongezwe hata paleti moja mpaka iwe tupu. Sheria hiyo ikishikwa, mzigo wa zamani hutoka kabla ya mpya japo ndani ya leni mambo yanakwenda kinyume. Isiposhikwa, nyuma kabisa kutakuwa na paleti nne zilizopitwa na tarehe ambazo hakuna anayezikumbuka, na zitaonekana siku ya kuhesabu stoo.

Kina cha leni nacho kisichaguliwe kwa kuangalia ukuta uko wapi. Kontena la futi 40 hubeba paleti 20 au 21 za 1,200 kwa 1,000 kwenye sakafu yake. Leni ya paleti tano kwenda ndani na ngazi nne ni 20: kontena moja, leni moja, tarehe moja. Mchele unaokuja umepangwa magunia bila paleti, karibu tani 25 kwenye kontena la futi 20, ukishapangwa tani moja kwa paleti unataka nafasi 25, kwa hiyo leni ya sita kwa nne inabakisha paleti moja nje, na hiyo itoke kwanza. Kupita nane kwenda ndani sikushauri kwa leni yenye mdomo mmoja. Dereva anaingia mbele na kutoka kinyumenyume, na kila mita ya kurudi nyuma ni nafasi ya kugonga. Ukiwa na kina kirefu zaidi, weka raki mbili mgongo kwa mgongo.

Kuna aina iliyo wazi pande zote mbili, unaingiza huku na kutoa kule. Inafaa kwa vyakula vyenye tarehe fupi, lakini inakula ujia wa pili, na kwa kuwa nyuma hakuna vyuma vya mshazari, uimara wote lazima utafutwe juu na kwenye miguu.

Paleti ndiyo itakayokuangusha

Kwenye raki ya kawaida paleti inakaa juu ya boriti mbili zinazopita chini yake. Hapa hakuna boriti inayokatiza leni, isipokuwa juu kabisa. Paleti inashikwa kingo mbili tu, kulia na kushoto, na reli zinazotokeza kutoka kwenye nguzo. Gongo la kati linaning'inia hewani, ubao wa juu ndio unaobeba uzito wa katikati.

Piga hesabu ya kingo. Nafasi ya nguzo 1,350, nafasi kati ya ukingo wa reli hii na ile 1,000. Kila reli imeingia ndani 175. Paleti ya 1,200 ikikaa katikati inalalia milimita 100 kila upande. Ikisukumwa mpaka iguse nguzo ya kushoto, kulia inabaki na 25. Hizo 25 ndizo usalama wako wote. Sasa leta paleti ya 1,100 kwa 1,100, ambayo si ngeni kwenye makontena yanayotoka Asia. Ikiwa katikati inalalia 50 na inaonekana iko sawa. Ikisogea upande mmoja, upande wa pili unapungukiwa na 75, na tani moja inashuka juu ya paa la foklifti. Paleti ya 1,200 kwa 1,000 iliyogeuzwa vibaya, upande wa 1,000 ukikingama leni, hailalii kitu chochote.

Hizo ni paleti nzima. Paleti iliyolala uani masika yote imelainika mbao na kushika kutu misumari. Ikipandishwa na tani moja inabonyea katikati, na ikibonyea kingo zake zinavutwa ndani, zinakula zile milimita 25. Magunia nayo hutanuka: yakizidi paleti kwa milimita 50 kila upande, yamebakiza 25 kufikia nguzo. Gunia likikwama kwenye nguzo, dereva anasukuma, na anachosukuma ni raki.

Dawa ni kuwa na paleti za ndani, za kipimo kimoja, zilizopakwa rangi moja, ambazo haziondoki na lori. Mlangoni weka fremu ya chuma au mbao yenye upana wa 1,250 na urefu wa juu unaoruhusiwa. Paleti isiyopita kwenye fremu hiyo haiendi kwenye raki, hata bosi akisimama pale. Ni kifaa cha bei ndogo kuliko vyote na ndicho kinachorukwa.

Foklifti

Pima vitu vitatu kabla ya kuagiza chuma chochote: upana wa mwili, upana wa paa la dereva, na upana wa mlingoti, ule mhimili wa mbele unaopandisha uma. Mwili unapita kati ya nguzo, lakini paa na mlingoti vinapita kati ya reli. Reli zikiachana 1,000 na paa likiwa 950, umebaki na 25 kila upande, na hapo hakuna dereva atakayepita bila kugusa. Nafasi ya kufanyia kazi ni angalau 75 kila upande, yaani paa lisizidi 850. Foklifti nyingi za kawaida hazina paa jembamba hivyo, kwa hiyo ama unaagiza lenye paa la kuingia raki, ama unatumia lile la umeme la ghalani ambalo dereva huketi ubavu. La dizeli ndani ya leni yenye kina cha mita nane, katika joto la kaskazi, ni moshi uliokosa pa kutokea. Taa mbili za mbele zinazomulika juu si anasa; kule ndani reli ya ngazi ya tatu haionekani mchana.

Namna ya kuingia ni hii. Simama nje ya leni, nyoosha foklifti iwe katikati, inua paleti mpaka iwe juu kidogo ya reli ya ngazi yake, ndipo uingie kwa mwendo wa mtu anayetembea. Kuinua ukiwa tayari ndani ndiko kunakong'oa mabano, vile vishikio vinavyobeba reli kwenye nguzo. Anza nyuma kabisa, jaza safu hiyo kutoka chini hadi juu, kisha sogea mbele. Kutoa ni kinyume chake: safu ya mbele, juu kwenda chini.

Vyuma na kusimamisha

Kwa mfano wetu, weka fremu nne za nguzo mbilimbili kwenye kila mstari, mistari saba. Hizo ni nguzo 56, na bolti za nanga mbili kwa kila mguu ni 112. Mabano ni 288, reli karibu mita 302, boriti za juu 48. Omba hesabu kama hii iandikwe kwenye nukuu ya bei, maana "raki ya paleti 192" haikuambii kama reli za sakafuni zinazoongoza magurudumu na vizuizi vya nyuma vimo.

Sakafu kwanza. Ngazi tatu za juu kwenye leni moja ni tani 24. Mstari wa kati unabeba nusu ya leni ya kulia na nusu ya kushoto, tani 24 tena, juu ya nguzo nane: tani tatu kila mguu, juu ya bamba dogo kama sahani. Godauni la zamani lisichukuliwe kwa macho. Toboa sampuli ya zege, upime unene, umpe mhandisi. Bolti isiingie kwenye kiungo cha sakafu wala karibu na ukingo wake.

Piga mistari ya chokaa, tafuta sehemu ya sakafu iliyo juu kuliko zote, anzia hapo. Miguu mingine inainuliwa kwa vipande vya bamba jembamba vya chuma, si mbao wala kadibodi. Simamisha mistari, funga boriti za juu na vyuma vya mshazari vya juu na vya nyuma, halafu mabano na reli. Ndipo timazi. Kwa nguzo ya mita saba, isizidi milimita 10 kutoka juu hadi chini. Bolti za sakafu zitobolewe mahali pake, vumbi lipulizwe litoke, na zikazwe kwa spana ya torki baada ya timazi kukubali. Ukikaza mapema, utanyoosha juu kwa kupinda chini. Mwisho, reli za sakafuni zenye mdomo uliopanuka, na kinga kwenye nguzo za mbele.

Vile vyuma vya mshazari vya juu hufunguliwa na mafundi wa taa au wa kuzima moto vinapowazuia, kisha havirudishwi. Bila hivyo raki yote ni nguzo ndefu zisizoshikana. Kanuni za Ulaya zina hati yake pekee kwa raki za aina hii, FEM 10.2.07, muulize muuzaji kama mkokotoo wake umefuata hiyo au ule wa raki za kawaida.

Chumvi ya hewa ya hapa haichelewi. Rangi ikikwaruzwa, kutu inaanza wiki hizohizo, na mahali pabaya zaidi ni pale bamba la mguu linapokutana na sakafu inayooshwa. Kwa chumba cha baridi au ghala lililo karibu na maji, lipia zinki ya kuchovya.

Ukaguzi usiwe wa kupita na kutazama. Beba rula ya chuma ya mita moja, iweke kwenye nguzo. Kwa mujibu wa EN 15635, kiwango cha Ulaya cha kutumia na kutunza raki, nguzo iliyopinda kuelekea leni isizidi milimita 5, iliyopinda kufuata kina cha leni isizidi 3, na chuma cha mshazari 10. Ikizidi maradufu ya hapo, mzigo unashushwa saa hiyohiyo. Nguzo haigongwi kwa nyundo ikanyooka, wala haichomelewi, inabadilishwa. Soma pia mikwaruzo: ikiwa kwenye ukingo wa ndani wa reli, paa la foklifti ni pana; ikiwa kwenye nguzo juu ya reli, mzigo umezidi paleti; ikiwa chini ya magoti kwenye nguzo za mbele, dereva anakata kona kabla hajanyooka.

Chai ya mnada haifai hapa. Loti ni nyingi na ndogo, na mnunuzi anataka ile yake leo. Mafuta ya kupikia ya katoni, sabuni, soda, unga, samaki wa kugandishwa wa shehena kubwa, hivyo ndivyo vya leni.

Na raki za mtumba zinazokuja kwa kontena: usilipe mpaka uone reli zinaingia kwenye mabano hayohayo, nguzo zote za kampuni moja na unene mmoja, na karatasi ya uzito unaoruhusiwa kwa kila ngazi. Bila karatasi hiyo, mhandisi atapima chuma upya na kuandika uzito wake, na mara nyingi utakuwa mdogo kuliko ule ulioambiwa.