Karnosini hupotelea ndani ya chupa ya damu

Ukipima karnosini, molekuli ndogo inayopatikana kwa wingi misulini, katika damu ya mtu ambaye hajala tangu jana usiku, mara nyingi utapata sifuri au kitu kinachokaribia sifuri. Mmoja atasema mtu huyu ana upungufu. Mwingine atasema mashine ni mbovu. Wote wamekosea. Damu ya binadamu ina kimeng'enya kiitwacho karnosinasi, ambacho huikata karnosini vipande viwili, na hakiachi kukata eti kwa sababu damu imeshatoka mwilini. Kinaendelea na kazi ndani ya chupa, juu ya meza, wakati lebo inaandikwa.

Karnosini yenyewe ni kitu kidogo: asidi-amino mbili, beta-alanini na histidini, zilizoshikana, uzito wa molekuli 226. Gulevich na Amiradzhibi waliitoa katika dondoo ya nyama mwaka 1900, na jina lake limetokana na neno la Kilatini la nyama. Kwa binadamu akiba yake kubwa imo ndani ya misuli, hasa katika nyuzi za kasi, zile zinazojikunja haraka. Upande wake wa histidini una pKa (kiwango cha pH ambapo nusu ya molekuli zimeshapokea tindikali) ya 6.83, kwa hiyo hupokea tindikali pale pale msuli unapochachuka kwa kazi nzito. Jeni ya kimeng'enya kinachoiunganisha ilikuja kutambuliwa mwaka 2010 tu. Miaka 110 kwa molekuli ya ukubwa huu si haba.

Turudi kwenye chupa. Karnosinasi hutegemea madini ili ifanye kazi, na EDTA, kemikali inayotiwa katika baadhi ya chupa za damu ili isigande, huyanyakua madini hayo. Kwa hiyo ukitaka kupima karnosini yenyewe, tumia chupa ya EDTA, iweke kwenye barafu papo hapo, izungushe katika mashine yenye ubaridi, kisha ondoa protini kwa asidi, asidi ya sulfosalisili kwa mfano, kabla hujagandisha. Ukigandisha kwanza ukaja kutia asidi siku nyingine, kimeng'enya kitaamka barafu ikiyeyuka, na hutajua kimekula kiasi gani.

Ukitaka kupima nguvu ya kimeng'enya, mambo hugeuka. Hapo EDTA ndiyo adui. Chukua serumu (majimaji yanayobaki damu ikishaganda) au plazima ya heparini (majimaji ya damu iliyozuiwa kuganda kwa dawa ya heparini). Njia ya kawaida ni kuichanganya na karnosini nyingi, kuacha mchanganyiko katika joto moja lisilobadilika kwa dakika ulizopanga, kusimamisha kwa asidi ya trikloroasetiki, halafu kupima histidini iliyoachiliwa kwa rangi ya mwangaza inayotokana na OPA, kemikali inayong'aa ikishikana na histidini. Kosa linalorudiwa kila siku ni kusahau kwamba serumu ina histidini yake tangu mwanzo. Kila sampuli iwe na mwenzake wa kulinganishia, ambao umetiwa asidi kabla ya karnosini. Bila huyo, mtu mwenye histidini nyingi ataonekana ana kimeng'enya kikali.

Sasa panya. Tafiti nyingi zenye matokeo ya kuvutia kuhusu karnosini na kisukari au figo zimefanywa kwa panya, na panya hana karnosinasi katika damu yake. Ukimnywesha karnosini, inazunguka mwilini nzima nzima. Kwa binadamu, kiasi hicho hicho hukatwa ndani ya dakika chache. Ndiyo maana wapo watafiti waliotengeneza panya wenye jeni ya binadamu ya karnosinasi, CNDP1, na wengine wanaounda vifani vya karnosini ambavyo kimeng'enya hakiwezi kuvikata, kama karnosinoli. Mimi nikisoma makala ya panya wa kawaida, swali langu la kwanza ni hilo tu: damu yake ilikuwa na mkasi au haikuwa nao?

Hata kati ya binadamu mkasi haulingani. Mwaka 2005 ilionyeshwa kwamba idadi ya lusini (asidi-amino nyingine) zinazojirudia mwanzoni mwa protini ya CNDP1 hutofautiana, na wenye lusini tano katika nakala zote mbili za jeni walikuwa wachache miongoni mwa wagonjwa wa kisukari walioharibika figo. Protini ya aina hiyo hutolewa kidogo nje ya seli, hivyo damu yao hukata polepole. Ni uhusiano wa kitakwimu, si kinga ya mtu mmoja mmoja.

Je, vidonge vya karnosini huongeza akiba ya msuli? Hesabu ni rahisi. Beta-alanini ina uzito wa 89, karnosini 226, hivyo gramu moja ya karnosini haiwezi kutoa zaidi ya gramu 0.39 za beta-alanini. Na beta-alanini ndiyo inayokosekana msulini. Histidini ipo ya kutosha. Kidonge cha miligramu 500 kinakupa chini ya 200. Ili kufikia gramu 3.2 za beta-alanini kwa siku, kiwango cha chini katika tafiti nyingi, utameza vidonge zaidi ya 16. Afadhali beta-alanini yenyewe: gramu 3.2 hadi 6.4 kwa siku, zikigawanywa katika dozi ndogo, hupandisha karnosini ya msuli kwa asilimia 40 hadi 60 katika wiki nne. Dozi moja ikizidi takriban miligramu 800, ngozi ya uso na mikono huanza kuwasha na kuchomachoma. Huisha ndani ya saa moja hivi. Tembe zinazoyeyuka polepole hupunguza hali hiyo. Ukiacha, akiba hushuka taratibu, kwa wiki kadhaa.

Kwa upimaji wa msuli, angalia kipimo kabla hujalinganisha namba. Thamani ya milimoli 22 kwa kilo kavu na ya 5 kwa kilo mbichi ni kitu kile kile, maana zaidi ya robo tatu ya msuli ni maji. Kipande kilichokaushwa kisafishwe damu na mafuta kwanza, la sivyo unapima uzito wa vitu visivyo na karnosini na jibu linashuka.

Na kwenye spektrometa ya masi, mashine inayopima uzito wa molekuli zilizotiwa chaji, karnosini huonekana kwa 227 (226 pamoja na protoni moja) ikivunjika kuwa 110, ambayo ni alama ya histidini. Hiyo ni rahisi. Tabu iko jirani yake, 241: anserini, balenini na homokarnosini ya ubongo, ndugu za karnosini, zina fomula moja na uzito mmoja. Anserini na balenini hutofautiana kwa mahali kimethili (kikundi kidogo cha kaboni na hidrojeni) kilipokaa tu. Safu ya kromatografia, mrija unaotenganisha molekuli kabla hazijafika kwenye mashine, isipozitenganisha kwa muda, mashine itakupa kilele kimoja kizuri chenye majina matatu. Pitisha kila moja peke yake kwanza, uandike dakika yake.