Mwaka huo Masanja hakuwa na hela

Tuseme unaandika riwaya ya zamani za Ziwa Viktoria, nawe unaanza hivi: "Mwaka 1895 Masanja aliteremka kwenye treni Mwanza, akatoa hela zake za mwisho, akanunua sangara wa kukaanga."

Sentensi inasomeka vizuri, ila ina makosa matatu. Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928. Sangara alipandikizwa ziwani miaka ya 1950, na huku kwetu akaanza kujaa kwenye nyavu miaka ya 1980. Kosa la "hela" ndilo baya zaidi kwa sababu limejificha ndani ya lugha yenyewe. Neno hilo limetokana na heller, sarafu ya Wajerumani iliyoanza 1904, rupia moja ikiwa heller 100. Kabla ya hapo rupia moja ilikuwa pesa 64. Shilingi ikaja na Mwingereza mwaka 1921. Kwa hiyo mhusika wa 1895 anayesema "sina hela" amekopa neno ambalo bado halijazaliwa. Na "shule" ni hivyo hivyo, tumeipata kwa Wajerumani.

Waandishi wa riwaya za Magharibi ya Marekani, zile za kauboi, wanaujua mtego huu, maana wasomaji wao hawasamehi. Ukimvisha kauboi wa 1868 bastola ya Colt ya mtindo wa 1873, utaandikiwa barua. Ukizungushia shamba seng'enge ya miiba kabla Joseph Glidden hajaisajili mwaka 1874, utaandikiwa nyingine. Wanajua pia kwamba bastola ya risasi 6 mara nyingi ilibebwa na 5, tundu lililo chini ya nyundo likaachwa tupu, kwa sababu nyundo ikigongwa kwa bahati mbaya risasi ingemwingia mwenyewe mguuni. Nasi tunaoandika habari za ziwa tunahitaji ukorofi huo huo.

Nunua kaunta buku, usitegemee simu peke yake. Kila ukurasa upige mistari ya safu tatu: mwaka, kilichokuwepo, na ambacho hakijafika. Safu ya tatu ndiyo yenye kazi, na ndiyo watu wengi huiacha. Kwa riwaya ya 1911, humo utaandika: treni Tabora (1912), treni Mwanza (1928), shilingi, sangara, nyavu za nailoni, magugu maji (mwisho wa miaka ya 1980). Kwenye safu ya katikati utaandika jambo linaloshangaza wengi: reli ya Mwingereza kutoka Mombasa ilishafika Kisumu tangu 1901, na meli zilikuwa zikivuka ziwa. Msafiri wa 1911 aliyetoka pwani na mwenye uwezo angefika Mwanza ya Mjerumani kwa kupitia Kisumu, akashuka melini. Sura nzima ya kitabu iko hapo, na ukikimbilia msafara wa wapagazi kwa mazoea utaipoteza.

Msafara nao una hesabu zake. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kilo 30 hivi. Walianza safari alfajiri na mapema, wakatua kabla jua halijawa kali, kilometa 15 hadi 20 kwa siku. Tabora hadi Mwanza kwa njia za miguu weka kilometa 350: kwa mwendo huo ni siku 18 hadi 24, bado hujaongeza siku za mvua, za wagonjwa na za kusubiri chakula. Ukimfikisha mtu kwa siku tano, msomaji anayejua Shinyanga iko wapi ataweka kitabu chini.

Ufuo je? Usiende Kapripoint, ufukweni mwa Mwanza, leo ukaandika ulichokiona kana kwamba ni 1920. Baada ya mvua kubwa za 1961, ndani ya miaka michache ziwa lilipanda kwa zaidi ya meta mbili. Mchanga ambako mhusika wako aliegesha mtumbwi huenda sasa uko chini ya maji. Mawe hayajahama, kwa hiyo pima mandhari kwa mawe.

Ukitafuta nyaraka na ramani za Kijerumani, andika "Muansa". Ukiandika Mwanza utakosa nusu ya vitu. Kwa vyombo vya nyumbani, ngoma na viti vya watemi, nenda Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, Kisesa. Chora kwa mkono, kwa sababu kuchora kunakulazimisha kuona kamba imefungwaje.

Wazee waulize vitu, usiwaulize miaka. "Mlipikia nini?" hupata jibu, "ilikuwa mwaka gani?" hupata kubahatisha. Mwaka utautafuta mwenyewe kwa kushika njaa, vita au mtemi aliyekuwepo. Uliza wawili, kila mmoja peke yake. Na kumbuka mzee wa miaka 85 hakuiona 1911; anakupa alichosimuliwa, nacho kina thamani yake, ila kiandike hivyo kwenye daftari.

Wakati wa kuandika, usisimame kutafuta. Ukikwama kwenye bei au jina la samaki weka alama ya XX mahali pake, endelea. Maneno 500 kwa siku, siku 160, una rasimu ya maneno 80,000. Ukisimama kwa kila XX hutamaliza sura ya pili. XX zote zishughulikie siku moja ya wiki, kaunta buku likiwa wazi.

Masanja sasa: "Siku ya ishirini na mbili tangu Tabora, Masanja aliliona ziwa. Alifungua pindo la kaniki, akahesabu shanga mara mbili, akapewa kambare mkavu, mkia umeungua."

Mkia ulioungua hauna tarehe. Huo weka upendavyo.